Kufundisha Kupima Baada ya Kutengeneza

Hivi karibuni niliongozana na wanachuo wangu kwenda kuangalia kazi katika karakana moja wilayani Karagwe. Tulikuta gari dogo la mbio lililotoka Japani, ambalo kioo chake cha mbele kilikuwa kimepasuliwa na jiwe lililorushwa na lori katika barabara ya changarawe. Fundi alikifunga kioo kipya kwa ustadi, akairudisha kamera ndogo iliyokaa nyuma yake, akapangusa vumbi, akasema: "Tayari." Wanachuo wakaandika katika madaftari yao kuwa kazi imekamilika. Nakiri kuwa siku ile hata mimi ningewapa alama zote.

Kamera ile haikuwa pambo. Magari mengi ya miaka hii yamewekewa vihisio, yaani macho ya kamera na rada, ambavyo hupima umbali wa kilicho mbele, humwonya dereva anapoacha njia yake, na pengine hufunga breki vyenyewe. Subaru, kwa mfano, ilianza kuuza mfumo wake wa kamera mbili zilizowekwa juu ya kioo cha mbele mwaka 2008. Jicho la namna hii likiondolewa na kurudishwa, au kioo kinachotazamiwa kikibadilishwa, hapana budi lielekezwe upya kwa vipimo vya mtengenezaji. Japani yenyewe ilibadili sheria yake: tangu Aprili 2020, kuondoa kioo chenye kamera ya aina hii ni kazi ya karakana yenye idhini maalum. Ni kosa kudhani kuwa, kwa kuwa taa ya onyo haiwaki, basi jicho linatazama panapostahili. Mara nyingine hutazama pembeni bila kulalamika.

Wapo wenzetu watakaouliza: tufundisheje jambo hili, nasi hatuna mashine wala ubao maalum wa shabaha? Swali hili ni la haki, lakini linachanganya mashine na maarifa. Mwanafunzi wa Karagwe au Kyerwa anaijua mizani ya kahawa tangu utotoni. Anajua kuwa mizani iliyofunguliwa na kutengenezwa haiaminiwi mpaka ipimwe kwa jiwe la uzito unaojulikana, na Wakala wa Vipimo wakaigonga muhuri. Hakuna mkulima anayekubali kuambiwa kuwa mizani ni nzima kwa sababu tu imepakwa rangi. Mwalimu aanzie hapo, kwenye hasara ambayo darasa zima linaielewa, ndipo aliendee gari.

Kisha watoke nje. Chukua ubao mwembamba wenye urefu wa sentimeta 57, ushikize upande mmoja kwa msumari, usogeze ncha ya pili kwa sentimeta 1. Huo ndio mchepuko wa digrii 1 hivi, na macho ya wanafunzi wengi hayatauona. Sasa wafuate mwelekeo wa ubao kwa kamba hadi mita 10: kamba imekwenda kando kwa sentimeta 17 na nusu. Waambie wakokotoe kwa mita 100. Watapata mita 1 na sentimeta 75, ambayo ni kama nusu ya njia ya gari moja katika barabara nyingi za lami. Kwa mchepuko huo gari laweza kumdhania mwendesha baiskeli aliye ukingoni kuwa yuko mbele yake, au, lililo baya zaidi, kumdhania aliye mbele kuwa yuko ukingoni. Nimelifanya somo hili kwa kamba ya katani na chaki, na kelele za darasa zilipoisha kulikuwa na ukimya ambao mwalimu yeyote anaufahamu.

Mambo mengine yanaweza kupitwa kwa haraka: sakafu iwe sawa, upepo wa matairi uwe sahihi, gari lisiwe na mzigo. Yafaa kukumbuka pia kuwa baadhi ya magari husawazishwa kwa kuendeshwa katika barabara yenye mistari inayoonekana vizuri. Barabara zetu za changarawe hazina mstari hata mmoja, na hilo peke yake latosha kuwa mada ya majadiliano.

Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza katika sekondari, na baadhi ya wanachuo wetu watatakiwa kufundisha kazi za mikono. Tukiendelea kutoa alama kwa kufungua, kufunga, usafi na muda tu, tutakuwa tumewafundisha kusema "tayari" kabla ya wakati. Katika chuo chetu nimeanza kutenga alama 30 kati ya 100 kwa uthibitisho wa kipimo. Mwanafunzi asiye na chombo cha kupimia hapotezi alama hizo, ila sharti amwandikie mwenye gari karatasi isemayo: kioo kimebadilishwa, kamera haijasawazishwa, usiutegemee mfumo huu mpaka upelekwe kwa mwenye vifaa. Mwaka huu wanachuo wawili walikataa kuiandika, wakihofia kuwa mteja atawaona si mafundi. Niliwapa sifuri katika sehemu hiyo, na mjadala wetu bado unaendelea.