Maonyesho ya Minnesota: Tuwapeleke Watoto, Tuanzie Mabandani



Kila mwaka Agosti ikikaribia kwisha, ubishi ule ule hurudi katika nyumba zetu hapa Minnesota. Watoto wanataka kwenda kwenye Maonyesho ya Jimbo, na baadhi ya wazazi wanasema hapana: nguruwe kila kona, bia, muziki, na pesa zinavyoteketea. Mwaka jana safari ya watoto wa madrasa ilifutwa kwa hoja hizo hizo. Sisi hatukuafiki.

Kwa ndugu mlio nyumbani, haya ni kama Nane Nane ya Tanzania au sho za kilimo za Kenya, ila makubwa kupita kiasi. Yalianza 1859, na tangu 1885 yako kwenye viwanja vyake vya sasa baina ya Minneapolis na St. Paul. Huchukua siku 12 na kumalizika Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mwaka 2019 waliingia watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, kama yalivyofutwa 1946 kwa hofu ya polio.

Sifa yake kubwa ni chakula cha kuchomekwa kijiti. Soseji inayochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa ndiyo mashuhuri, na mara nyingi ndani mna nguruwe. Watoto wetu wanajua kuikwepa. Wanakwepa hayo hayo shuleni mwaka mzima. Mahindi ya kuchoma yapo, na maziwa unakunywa mpaka utosheke. Mafuta ya kukaangia ndiyo ya kuuliza, na tukishindwa kupata jibu tunapita. Ama mabembea na mashine za michezo, hapo tunakubaliana na wenzetu: yanakula pesa.

Lakini maonyesho hasa yako mabandani. Mababu zetu wengi walichunga, na wajukuu wao wanaijua ng'ombe kwa picha ya kwenye galoni la maziwa. Kule kuna banda ambamo wanyama huzaa mbele ya watu. Binti yetu mmoja alisimama karibu saa nzima akingojea ndama, hakuomba hata maji. Kuna watoto wa mashambani, wa umri wa wetu, wanaowaosha na kuwachana wanyama waliowafuga wenyewe, wakisubiri utepe wa buluu wa mshindi. Kuna picha za watu zilizotengenezwa kwa mbegu tupu. Kuna wasichana wa familia za wafugaji wanaochongwa sura zao kwenye bonge la siagi la kilo 40 hivi, ndani ya chumba cha vioo chenye baridi, nao wamevaa makoti ya kipupwe katikati ya Agosti! Mama mmoja aliyechongea wasichana hao tangu 1972 alistaafu 2021.

Nguruwe dume mkubwa kuliko wote naye ana banda lake, watu hupanga foleni kumwona. Kumwona si kumla.

Mwaka 2017 Idi Kubwa iliangukia tarehe 1 Septemba, maonyesho yakiendelea. Tuliswali asubuhi, tukala pilau, alasiri tukawa banda la kondoo na nguo zetu za sikukuu. Kijana mmoja mfugaji akatuuliza kuna harusi gani. Tukamweleza habari ya Nabii Ibrahim na mwanawe. Akasikiliza, kisha akamfunua kondoo wake mdomo akawaonyesha watoto jinsi ya kujua umri kwa meno. Mambo ya udhhiya tuliyoyasoma vitabuni miaka yote, siku ile wanetu waliyagusa kwa mkono. Na yule kijana, pengine ndiyo mara yake ya kwanza kuzungumza na Waislamu. Mtoto tuliyemfungia nyumbani angeyapata wapi hayo?

Basi tunaiomba kamati ya madrasa iirudishe safari mwaka huu. Twende asubuhi, chakula tubebe, tuanzie mabandani na tuondoke kabla ya Magharibi. Adhuhuri na Alasiri huwa tunaswali kwenye nyasi penye kivuli, na hakuna aliyewahi kutusumbua. Wazazi watano tumeshajitolea magari. Mikeka tutaleta sisi.