Biashara ya utotoni kwenye fomu ya udaktari: itaje, lakini anza na siku uliyorudisha pesa

Mwisho wa Septemba 2025 mpwa wangu alinitumia ukurasa mmoja kwa simu, na chini yake swali: "Anko, hii biashara ya sabuni niiweke ama niitoe?" Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea udaktari Uingereza. Kule siku ya mwisho kwa wanaoomba udaktari ni tarehe 15 Oktoba, kwa hivyo zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku kidogo.

Unaweza kujiuliza mambo ya fomu za udaktari yanatuhusu nini sisi watu wa pesa za simu. Yanatuhusu kwa sababu jibu la swali lake hatukulipata kwenye fomu. Tulilipata kwenye taarifa ya miamala, ile sisi wote huita stetimenti.

Maoni yangu nayatoa mapema: kama ulifanya biashara ukiwa shule, itaje. Lakini usiitaje kama taji. Itaje kwa kile ulichowafanyia watu, na kwa hesabu unayoweza kuitetea mbele ya mtu asiyekujua.

Ilivyoanza

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Corona. Wanafunzi wa Kidato cha Nne walirudi Oktoba, lakini wengine wengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Mpwa wangu alikuwa Kidato cha Kwanza, miaka 14, na hakuwa na la kufanya. Kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Akajifunza kutengeneza sabuni ya maji: ungerol, chumvi, magadi, rangi na manukato. Akaanza kuuza lita moja kwa shilingi 80 pale mtaani kwao.

Wateja walilipa kwa simu. Mnamo Machi hiyo hiyo ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa, na haikurudi mpaka mwaka ulipoisha. Kwa hivyo hata mtu wa lita moja alituma 80 bila kufikiria mara mbili. Laini ilikuwa ya mama yake, dada yangu, maana mtoto wa miaka 14 hana kitambulisho. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Dada yangu alisema iondolewe

Nilipompigia dada kumuuliza maoni yake, hakusita. "Toa hiyo maneno ya biashara yote. Watasema huyu anataka udaktari wa pesa."

Simlaumu. Hapa kwetu daktari akitaja pesa huonekana ana tamaa. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo makubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Si watu wachache waliouliza kwa nini wasifanye kazi kwa moyo tu. Mzazi aliyesikia hayo ataogopa mtoto wake kuonekana mfanyabiashara kabla hajashika hata kipimo cha presha.

Lakini sikubaliani naye. Kuficha kazi ya halali uliyoifanya kwa mikono yako ni kuanza safari kwa aibu isiyo na sababu. Isitoshe, wanaopokea hizo fomu hawaoni hivyo. Medical Schools Council, muungano wa vyuo vya udaktari vya Uingereza, husema wazi kwamba uzoefu wa mwombaji si lazima uwe wa hospitalini. Kazi ya kuhudumia watu, hata ya kulipwa, hata ya dukani, inaweza kuonyesha kwamba unajua kushughulika na watu. Kwa kijana wa Kenya ambaye hana mjomba daktari wa kumwingiza wodini, hiyo ni habari njema.

Mpwa wangu alitaka kuipamba

Shida yake yeye ilikuwa upande wa pili. Rasimu yake ilianza hivi, nikiitafsiri: nikiwa na miaka 14 nilikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya sabuni iliyoingiza shilingi 84,000.

Nikamuuliza hiyo 84,000 ametoa wapi. Akasema kwenye stetimenti ya mama. Mwaka 2021 dada yangu aliomba mkopo kwenye sacco, akatakiwa kuleta stetimenti, na faili bado iko kwenye barua pepe yake. Tukaifungua. Kweli, kuanzia Mei hadi Desemba 2020 laini ilikuwa imepokea zaidi ya 84,000.

Tukaanza kupitia mstari kwa mstari. Kulikuwa na pesa za chama. Kulikuwa na pesa nilizomtumia mimi mwenyewe za kodi ya nyumba. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anarudisha deni. Tulipoondoa hayo yote, tukalinganisha na daftari la wateja ambalo kwa bahati hakulitupa, mauzo yalikuwa 31,200. Hiyo ni lita 390. Malighafi, mitungi na nauli vilikula 20,800.

Mpwa wangu hakuwa mwongo. Alisoma jumla ya pesa zilizoingia akadhani ni mauzo, na mauzo akayaona kama faida. Kosa hili nakutana nalo kila wiki kwa watu wazima wenye maduka. Tofauti ni kwamba mwenye duka akikosea anajidanganya mwenyewe, na mwombaji akikosea anaweza kuonekana amedanganya chuo. Siku ya mahojiano mtu anaweza kumuuliza tu, kwa utulivu: lita ngapi? Na ukitaka kazi ambayo kosa la nukta kwenye kipimo cha dawa linaweza kuua mtu, hapo si mahali pa kubabaika na namba.

Mistari kumi na moja ya jioni moja

Tulipokuwa tukipitia stetimenti niliona kitu kingine. Jumamosi moja ya Agosti kulikuwa na pesa zilizotoka, siyo kuingia. Watu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine: 80, 80, 160, 80, 240. Jumla 1,360.

"Na hizi?"

Akanyamaza kwanza. Kisha akaeleza. Siku hiyo alikuwa amezidisha magadi kwenye sabuni. Mama mmoja jirani, mtu mzima, akamwonyesha mikono yake imekauka na kuwasha. Mpwa wangu akatoa daftari, akaangalia nani wengine walinunua kutoka mtungi ule, akawaendea nyumba kwa nyumba. Aliwaambia waimwage, akachukua namba za simu, na jioni akamwomba mama yake simu akarudisha pesa za lita zote 17. Baada ya hapo akaanza kupima magadi kwa kijiko kimoja kile kile, na kujaribu kila mtungi mkononi mwake kabla ya kuuza.

"Mbona hii hukuandika?"

"Anko, si wataona nilikuwa nauza sumu?"

Hapo ndipo nilipopata maoni ninayoyaandika leo. Alikuwa ameficha kitu pekee kwenye biashara ile kilichofanana na udaktari. General Medical Council, baraza linalosimamia madaktari Uingereza, linamtaka daktari amwambie mgonjwa ukweli mambo yakiharibika, aombe msamaha, na arekebishe pale inapowezekana. Msichana wa miaka 14 alifanya hayo matatu jioni moja, bila kuambiwa na mtu, akiwa na daftari na simu ya kuazima. Ukiondoa pesa alizorudisha, faida yake ya miezi minane ilikuwa 9,040. Hakuna chuo kitakachoshtuka kwa 9,040. Lakini 1,360 ile ina maana.

Kila mlango na utaratibu wake

Kabla hujaamua, jua unaomba wapi.

Ukiomba udaktari hapa Kenya kupitia KUCCPS, swali hili halipo. Pale kinachoangaliwa ni matokeo ya KCSE na alama za masomo yanayotakiwa. Hakuna insha. Biashara yako itakuja kuulizwa kwenye fomu za ufadhili na mahojiano ya ufadhili. Huko fomu ikiuliza mapato, andika mapato ya kweli, na yawe sawa na utakayosema kwa mdomo. Usiwe Mkurugenzi Mkuu kwenye insha halafu uwe huna hata shilingi kwenye ukurasa wa mapato.

Uingereza maombi hupitia UCAS. Kwa wanaoanza masomo 2026 maelezo binafsi yamegawanywa kwa maswali matatu, na yote kwa pamoja hayapiti herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Swali la tatu ndilo linalouliza umefanya nini kingine nje ya masomo na kimekusaidiaje. Sabuni inakaa hapo. Vyuo navyo hutofautiana: vingine huyapa maelezo hayo uzito mdogo na kuweka nguvu kwenye mtihani na mahojiano, kwa hivyo soma masharti ya kila chuo. Mahojiano mengi siku hizi ni vituo vifupi vifupi, na kituo kimoja kinaweza kuwa hiki: tuambie wakati ulipokosea.

Marekani udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza, na vyuo vingi vya udaktari huko havichukui wanafunzi kutoka nje. Wanaochukua wengi hutumia fomu ya AMCAS, yenye nafasi ya mambo 15 tu uliyofanya, kila moja herufi 700, na mtu wa kuthibitisha. Ukifika hapo umemaliza miaka minne ya chuo kikuu. Biashara uliyoacha ukiwa Kidato cha Pili itakuwa imezeeka. Iweke kama uliendelea nayo, au kama ndiyo iliyokufanya uende njia hii. La sivyo nafasi hiyo mpe mgonjwa uliyemhudumia juzi.

Wakati wa kuiacha nje

Kuna biashara ambazo ningesema usiziweke. Kama duka lilikuwa la baba na wewe ulishikilia tu jioni, sema ulisaidia dukani, usijipe umiliki. Kama ilidumu wiki tatu na huna unachokumbuka, iache.

Halafu kuna ile ambayo vijana wetu wengi wameifanya: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo kwa malipo. Najua ililipa karo za watu. Lakini tangu sheria ya 2022, kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya England ni kosa la jinai. Usiivalishe koti la "uandishi" ukaipeleka kwa watu wale wale. Kama ndiyo kazi pekee uliyowahi kufanya, tafuta nyingine sasa, hata ya kujitolea Jumamosi kwenye zahanati.

Kama unauza kitu leo

Kama uko shule na una kabiashara, au ni mtoto wako anayeuza mayai ya kuchemsha au kusuka nywele likizo, fanya haya kabla kumbukumbu hazijapotea:

1. Tenganisha pesa. Kama laini ni ya mzazi, mkubaliane laini moja iwe ya biashara tu, au mfungue nambari ya till kwa jina la mzazi. Pesa za chama na za kodi zisipite hapo.
2. Weka daftari. Stetimenti inasema nani alituma na ngapi. Haisemi alinunua nini wala alilalamika nini.
3. Toa stetimenti kila mwisho wa muhula na uihifadhi kwenye barua pepe. Ukingoja miaka mitano utaihangaikia.
4. Rudisha pesa kwa simu inapowezekana, hata kama ni 80. Inabaki alama.
5. Usimtumie mtu yeyote picha ya stetimenti nzima kama ushahidi. Ina majina na namba za wateja wako. Chuo kikitaka uthibitisho, mtu mzima aliyekuwa mteja anaweza kukuandikia barua. Na PIN haiombwi na chuo chochote wala mfadhili yeyote.

Mpwa wangu alituma maombi tarehe 11 Oktoba. Neno Mkurugenzi Mkuu lilitoka. 84,000 ilitoka. Alibakisha sentensi tano kuhusu sabuni, na tatu kati ya hizo ni za ile Jumamosi. Watampa nafasi au watamnyima, huo ni uamuzi wao.

Dada yangu alisoma mwisho. Alikuwa hajawahi kujua simu yake ilitumika kwa nini jioni ile, alidhani mtoto ananunua bando. Akarudia kusoma, kisha akaniambia: "Hii ya kurudisha pesa iacheni. Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa inanisumbua."