Nani Ailinde Motokaa Iliyosimama?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni mikwaruzo na mibonyeo ya motokaa zinazosimama shuleni kwetu siku ya kufungua, siku ya kufunga na siku ya wazazi. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mwanafunzi asiye na hata baiskeli ana haki gani ya kusema habari za motokaa?" Jibu langu ni kwamba asiye na motokaa ndiye mara nyingi aikwaruzaye, na mimi ni mmoja wao. Nitaeleza habari hiyo mbele, bila kuficha.

Wazee wetu hapa Sumbawanga husimulia kwamba zamani motokaa ndogo zilikuwa chache Ufipa kwa ubovu wa njia. Wakati wa mvua hata malori yalilala njiani. Kisha ikaja barabara ya lami ya kutoka Tunduma, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2008. Siku hizi siku ya kufungua shule uwanja wetu hujaa motokaa za kukodi, malori madogo, bajaji na bodaboda, zote mahali pamoja, pasipo mstari wala mpango. Wanafunzi nao hupita katikati yake wamebeba masanduku ya bati, magodoro, ndoo, fagio na majembe. Je, twashangaa nini tukisikia kwamba motokaa ya mgeni imekwaruzwa?

Kwanza yafaa tujue mkwaruzo ni kitu gani. Bodi ya motokaa ni bati jembamba la chuma, na unene wake aghalabu haufiki milimita 1. Juu ya bati hilo ipo rangi ya msingi inayozuia kutu, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu kabisa vanishi ing'aayo. Matabaka hayo yote yakiwekwa pamoja unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani karibu sawa na karatasi moja ya daftari. Basi motokaa yenye nguvu ya kupanda milima ya Mbizi imevikwa nguo isiyozidi karatasi!

Mkwaruzo ukiishia katika vanishi, fundi aweza kuusugua ukaondoka. Ukifika kwenye chuma, hapo maji na hewa vimepata mlango. Kwetu mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hata Aprili, na katika miezi hiyo kutu haina likizo. Hutambaa chini ya rangi pasipo kuonekana, mpaka siku moja rangi inavimba na kubanduka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wafipa wa zamani walijua thamani ya chuma kuliko sisi. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyovuta upepo yenyewe pasipo kupulizwa kwa mivukuto. Palihitajika udongo, kuni, makaa na kazi ya watu wengi ili kupata majembe machache. Naamini mtu aliyetoka jasho namna hiyo asingeliacha jembe lake mvuani, wala asingelichezea la mwenzake. Sisi tuliokikuta chuma kimekwisha tengenezwa tumeisahau kazi iliyomo ndani yake.

Sasa nitataja mambo yanayoharibu motokaa hapa shuleni kwetu, kama nilivyoyaona kwa macho yangu.

La kwanza ni upepo. Kila mtu aliyekaa Ufipa mwezi wa Juni au Julai aujua upepo wetu na baridi yake. Mtu akifungua mlango wa motokaa bila kuushika, upepo huunyakua na kuupiga katika ubavu wa motokaa ya jirani. Hapo bati hubonyea, na ukingo wa mlango huacha alama ya rangi.

La pili ni kuandika katika vumbi. Motokaa itokayo Bonde la Rukwa ikifika imejaa vumbi, sisi twakimbilia kuandika kwa kidole majina yetu, jina la darasa au neno "Nioshe". Twadhani ni mzaha usio na madhara. Lakini vumbi ni mchanga mdogo mdogo, na kidole kinapousukuma huwa kama msasa. Motokaa ikioshwa, maandishi hubaki katika vanishi na husomeka jua likiyapiga. Wenye motokaa nao huikosea mali yao wanapolipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Dawa yake ni kumwagia maji mengi kwanza, kisha kusugua taratibu.

La tatu ni kuegemea. Mwanafunzi mwenye mkanda wa bizimu ya chuma huegemea mlango huku akiongea na dada yake, na kila anapocheka bizimu yachora rangi.

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ni mizigo yetu. Hapa ndipo ninapoanza kuungama.

Mwezi wa Julai mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilifika shuleni nimechoka kwa safari. Nilibeba sanduku langu begani, na juu yake nilikuwa nimelifunga jembe kwa kamba ya katani. Nilipita katikati ya motokaa mbili zilizosimama karibu karibu, kwa sababu sikutaka kuzunguka. Upepo ulivuma, sanduku likayumba, na ncha ya jembe ikachora mstari kutoka kitasa cha mlango wa mbele hata karibu na taa ya nyuma. Nilisikia sauti yake, na mpaka leo naikumbuka. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu aliyeniona. Nikaenda zangu bwenini.

Sikunyamaza kwa sababu sikujua mema na mabaya. Nilinyamaza kwa hofu ya fimbo, na zaidi kwa hofu ya kurudishwa nyumbani kufuata fedha ambazo nilijua hazipo.

Jioni, kupitia dirisha la bweni, nilimwona dereva wa motokaa ile amechuchumaa. Alilowesha kidole kwa mate akausugua ule mstari, akitumaini kwamba ni vumbi. Kisha alisimama akaenda kwa mlinzi wetu.

"Mzee wangu," alimwambia, "gari nimeliacha mbele yako."

Mlinzi akajibu, "Kijana wangu, nilikuwa langoni naandika majina ya wageni. Macho yangu ni mawili tu."

Walisemezana kwa muda mrefu, nami nilisikia kila neno. Dereva yule hakuwa mwenye motokaa. Alikuwa mtu wa kupeleka hesabu kila jioni kwa tajiri wake, na alisema kwamba gharama itakatwa katika ujira wake. Mlinzi naye aliingia usiku ule akiitwa mzembe. Basi watu wawili wasio na kosa walibeba mzigo wangu, nami nimejifunika blanketi.

Siku ya tatu nilishindwa. Nilikwenda kwa mwalimu wa bweni nikamweleza yote. Hakunipiga. Alitafuta nambari ya simu ya dereva katika kitabu cha wageni, akazungumza naye mbele yangu, kisha akanipeleka kwa mlinzi niombe radhi. Fundi rangi pale mjini alidai shilingi 60,000 kwa kupiga msasa, kutia puti na kupaka rangi milango miwili. Kwetu fedha hizo zilikuwa bei ya gunia la mahindi. Mama aliliuza gunia lililowekwa kwa ajili ya viatu vya mdogo wangu, na mdogo wangu akavaa viatu vilivyopasuka mpaka Januari. Mama hakunigombeza hata neno moja, na jambo hilo liliniuma kuliko fimbo.

Wenzangu waliposikia waliniita mjinga. "Kwani kuna aliyekuona?" waliuliza. Lakini katika juma lile lile wenzangu watatu walinijia mmoja mmoja, faraghani, wakaniambia kwamba wao pia waliwahi kukwaruza motokaa ya mgeni na hawakusema. Hapo nilitambua kwamba ugonjwa huu si wangu peke yangu, na kwamba unaotuziba midomo ni woga.

Wako wanaodhani kwamba bima hulipa kila kitu. Sivyo. Bima ndogo, ambayo kila motokaa sharti iwe nayo kwa sheria, hulipa madhara ambayo motokaa imewafanyia wengine. Haiwalipi wenyewe kwa mkwaruzo uliofanywa na mtu asiyejulikana. Mwenye bima kubwa aweza kudai, lakini wengi hawana uwezo wa kuilipia. Kwa hiyo mkwaruzo usio na mwenyewe humwangukia mnyonge aliye karibu, yaani dereva au mlinzi.

Tutazame pia sheria zinavyosema. Hapa Tanzania Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva aliyehusika na ajali iliyoharibu mali asimame na kujitambulisha. Huko Ujerumani ni kosa la jinai kugonga motokaa iliyosimama kisha kuondoka. Hata kuacha kikaratasi chenye jina hakutoshi. Yampasa mtu amngoje mwenye motokaa kwa muda wa kutosha, na asipotokea apeleke habari polisi bila kukawia. Nchi hizi mbili zi mbali sana, lakini zote zataka neno moja kwa aliyefanya madhara: asitoroke.

Basi, Bwana Mhariri, natoa mashauri yangu.

Kwanza, patengwe mahali pa motokaa karibu na lango, mbali na njia ya kwenda mabwenini na mbali na matawi ya miti. Mawe yapakwe chokaa na kupangwa kwa mistari, na kati ya motokaa na motokaa pabaki nafasi ya mlango kufunguka wote. Kazi hii twaweza kuimaliza Jumamosi moja, na mawe hayajatuishia Ufipa.

Pili, bodaboda na bajaji zipewe upande wao. Mizigo ishushwe mahali pamoja, kisha ipitishwe njia ya nje. Majembe yafungwe gunia kwenye makali kabla ya kuingia langoni, na sanduku lenye komeo la chuma libebwe na watu wawili.

Tatu, wageni waombwe kushika milango yao wakati wa upepo, na wasiegeshe katika njia ya wanafunzi. Anayeacha motokaa katikati ya njia ya masanduku naye ana sehemu yake ya lawama.

Nne, na hili ndilo neno langu kubwa, itangazwe gwaride la asubuhi kwamba mwanafunzi akikwaruza motokaa na kuja mwenyewe kusema kabla ya jua kuchwa, hatapigwa wala hataaibishwa. Atatengeneza alichoharibu, na asiye na uwezo atapewa muda. Anayejificha akigunduliwa, huyo apewe adhabu kamili.

Najua baadhi ya walimu na viranja watapinga. Watasema kwamba kuondoa fimbo ni kuwafundisha watoto uzembe. Kwa heshima yote, naona sivyo. Mimi sikupigwa, lakini tangu siku ile sijapita tena na mzigo katikati ya motokaa. Gunia la mahindi na viatu vya mdogo wangu vimenitosha kuwa fimbo. Tena fimbo yenyewe ilikuwapo siku zote, na haikuzuia mkwaruzo hata mmoja. Ilizuia ukweli tu. Laiti ningalijua kwamba naweza kusema bila kupigwa, ningalimfuata dereva pale pale, na mlinzi wetu asingaliitwa mzembe siku tatu.

Mtu aweza kuifunika motokaa kwa turubai, lakini turubai lenye vumbi likipigwa na upepo nalo lasugua rangi. Aweza kubandika mpira kwenye kingo za milango, na ni jambo jema. Aweza kuweka mlinzi, lakini macho ya mlinzi ni mawili. Sisi wanafunzi tu mamia, nasi tupo pale uwanjani kutwa. Kama kila mmoja wetu angaliichukua motokaa ya mgeni kuwa amana aliyoachiwa, hakuna turubai lililo bora kuliko hilo.

Mwisho, namwomba radhi tena dereva yule, ingawa labda hasomi gazeti hili. Na kwa wale wenzangu watatu nasema hivi: mwalimu wa bweni bado yupo, na kitabu cha wageni kingali langoni chenye nambari zote.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne