Unaimba Kazi Yao Kila Jumatatu na Hujui Hata Jina Moja

Wasee, leo sina vichekesho. Wiki jana nilisimama pale chini ya daraja, Githurai 45, saa kumi na mbili jioni, makanga wakiitana na mama mboga wakishusha bei, nikauliza watu swali moja tu: nani alitunga wimbo wa taifa? Mmoja akasema Jomo Kenyatta. Mwingine akasema wazungu walituachia. Kijana mmoja, yunifomu mwilini na bega limejaa vitabu, akanijibu, "Serikali." Manze, serikali! Ni kama kuna dirisha mahali unapanga laini, wanakupimia wimbo, unaweka sahihi, unaenda.

Haya, chukua majina. Mwaka 1963, uhuru ukiwa mlangoni, watu watano walipewa kazi ya kuipa Kenya wimbo. Graham Hyslop, Mwingereza aliyeshughulikia muziki katika serikali ya kikoloni. George Senoga-Zake, mwenye asili ya Uganda. Thomas Kalume, mtu wa kanisa ambaye baadaye aliingia bungeni. Peter Kibukosya. Na Washington Omondi. Hawa ni watu waliojua kuandika nota, kupanga sauti nne, na kusikia wimbo kichwani kabla haujaimbwa na mtu yeyote. Kwa lugha rahisi, watunzi. Ile kazi mnaambiwa ni ya wazungu waliovaa wigi.

Na waliianzia wapi? Hawakwenda London. Walienda Tana River, wakachukua wimbo Wapokomo walikuwa wakiimbia watoto ili walale. Mzee Meza Galana ndiye anatajwa kama mwenye huo wimbo. Wakaupanga upya, ukasimama wima. Sikiliza vizuri siku nyingine na utagundua kitu: nyimbo nyingi za taifa duniani ziko kwa meja, ile ngazi ya kushangilia, ya tarumbeta na gwaride. Wetu uko kwa maina. Ndio maana hata uwanja mzima ukiuimba baada ya timu yetu kupigwa, bado unasikika sawa. Nchi yetu inaimbiwa kwa sauti ya mama anayebembeleza mtoto, na hatujui, kwa sababu hakuna mtu alituambia.

Sasa nikiweka klipu ya mtu anapiga piano, komenti ya kwanza ni ile ile kila mara: "hii ni muziki ya mababi." Nimechoka nayo. Tuongee ukweli basi. Gitaa ilitoka wapi? Mbona benga si muziki wa mababi? Na ukienda ushago Kiambu ama Murang'a, uulize shosho wako kuhusu mwomboko. Atakuambia kuhusu karing'aring'a, ile pete ya chuma inagongwa, na kuhusu akodioni. Akodioni ni ya Wazungu kabisa, ilitengenezwa Ulaya, na Wakikuyu waliichukua wakaipiga mpaka leo tunaiita utamaduni. Hakuna mtu alimwambia babu yako anajifanya babi. Chombo ni cha yule anayekipiga. Mnigeria Akin Euba aliliona hili kitambo, akaipatia jina, upiano wa Kiafrika: kupiga piano ukiwa na ngoma na marimba kichwani.

Lakini mtu anayenivuruga akili ni huyu Omondi. Alienda Chuo Kikuu cha London, akapata udaktari wake mwaka 1980. Unajua alisomea nini huko? Si Mozart. Alisomea thum, kinanda cha nyuzi cha Waluo, ile wengi tunaita nyatiti. Fikiria mpiga nyatiti: vidole viko kwa nyuzi nane, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma kinagonga ubao, njuga ziko mguuni, na bado mdomo unaimba na kusifu wenye sherehe. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi. Mpiga piano ana kanyagio chini na kila mtu anampigia makofi. Omondi aliona hicho kitu kinastahili kuandikwa na kuchambuliwa kwa uzito ule ule wanaopewa Wazungu, akakifanya.

Halafu akarudi, akawa profesa Kenyatta University. Hapo tu! Ukipanda mathree Githurai unashuka kabla hujamaliza wimbo wa tatu. Ile kampasi ilikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, mpaka ikakabidhiwa Kenya mwaka 1965. Sisi tunaijua kwa hosteli za KM na bei ya chipo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si huko, na sijutii, kwa hivyo msiniambie naringa na masomo. Nasema tu kwamba mtu aliyeshiriki kutengeneza wimbo wa nchi hii alifundisha karibu na kwetu, na hapa Kiuu hakuna hata ukuta mmoja una sura yake. Kuta zetu zina sura za Tupac. Tupac simchukii, lakini hakuwahi kula githeri.

Kuna siasa hapa pia, na hii ndio sehemu inauma. Mwaka 1982 Rais Moi aliunda tume ya muziki, mwenyekiti akawa Omondi huyo huyo. Ripoti ikatoka 1984. Mwaka uliofuata 8-4-4 ikaanza, na muziki ukawa ndani ya mtihani wa shule ya msingi, pamoja na sanaa na kazi za mikono. Uliza mtu wa miaka arobaini na kitu, atakuambia walimu walichora mistari mitano ubaoni na walijua nota ni nini. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaitoa kwa KCPE. Na wewe unajua shule zetu: kitu hakiko kwa mtihani, hakiko. Kipindi cha muziki kikageuka kipindi cha kumaliza silabasi ya hesabu. Recorder zikawa za kuchapana nazo. Kizazi changu kizima kilimaliza darasa la nane bila kujua kusoma mstari mmoja wa wimbo kinachouimba kila Jumatatu na Ijumaa.

Shule za mababi hazikuacha. Wao piano zilibaki, mwalimu akabaki, na mtihani wa muziki kutoka Uingereza ukalipiwa na daddy. Kwa hivyo tuelewane: piano haikuzaliwa ya mababi, ilifanywa ya mababi, siku mtoto wa Githurai alipoondolewa kwa foleni. Na sisi wenyewe tunasaidia kufunga mlango kwa kucheka yule anayejaribu kuingia.

Sai kuna CBE, na shule za sekondari pevu zina mikondo mitatu. Sanaa na michezo ni mmoja wao. Kwa karatasi inapendeza. Lakini serikali yenyewe ilisema inatarajia karibu asilimia 60 waende STEM na kama asilimia 15 tu waende sanaa na michezo, na wazazi wakasikia: huko ni kwa walioanguka. Kuna msichana jirani yetu anapiga kiibodi kanisani, kanisa la mabati, jenereta inanguruma nje. Anasikia wimbo mara moja anaupiga. Alitaka muziki Gredi ya 10. Shule aliyopelekwa ikamwambia somo liko kwa orodha lakini mwalimu hakuna. Anasoma biashara. Jumapili bado anapiga, na akibadilishiwa ufunguo anabonyeza kitufe cha kupandisha sauti, kwa sababu hakuna mtu amewahi kumfundisha ngazi zingine. Huyo ndiye Omondi wetu, na tunamfundisha kuandika ankara.

Najua mtasema muziki haulipi. Sawa, na ile diploma ya binamu yako imelipa ngapi? Wasee wa Korogocho hawakungoja jibu. Tangu 2008 Elizabeth Njoroge na Ghetto Classics wanafundisha watoto violini na tarumbeta kando ya jaa la Dandora, na watoto hao wamepiga mbele ya watu wazito. Mganda Justinian Tamusuza aliandika muziki wa violini akiwa na ngoma za Buganda kichwani, na mwaka 1992 Kronos Quartet ya Marekani ikauweka kwa albamu yao ya Pieces of Africa. Na ukiwa Mkatoliki, unaimba John Mgandu na Bernard Mukasa, Watanzania, kwa karatasi ya fotokopi, soprano huku, besi kule. Kwaya ya parokia yako inafanya muziki wa nota kila wiki. Hakuna mtu anaiita ya mababi kwa sababu kuna jasho na leso.

Na kama hujali sanaa, jali doo. Mwanzoni mwa 2022 chaneli moja ya YouTube ya hapa Kenya iliweka video yenye wimbo wetu wa taifa, ikapigwa onyo la hakimiliki lililohusu kampuni ya muziki ya Uingereza. Wimbo wetu! Bodi ya Hakimiliki ikabidi itoke iutetee. Mimi kama mtu anakula kwa klipu, hiyo stori ilinitoa usingizi. Kitu ambacho wenyewe hawajui kilitengenezwa na nani, mtu yeyote anaweza kukijazia fomu.

Kwa hivyo nataka vitu vitatu na sitaki ahadi. TSC ilete mwalimu wa muziki kwa shule moja ya kutwa ya umma hapa Ruiru, moja tu, tuanzie hapo. Watu wa NG-CDF, mnaponunua jezi na mipira ya kampeni, bei ya seti moja ya jezi inanunua kiibodi ya kujifunzia, nimeuliza River Road. Na nyinyi wa idara ya muziki pale KU, mnafanya mazoezi ng'ambo ya barabara na watoto wa huku wanawasikia tu kwa upepo. Kama uko na Jumamosi mbili kwa mwezi, niandikie. Kiibodi iko, funguo mbili za chini zimekwama, lakini stima ni mara nyingi, na kuna msichana anataka kujua ngazi ya maina inaanzia wapi.