Toleo ni la mradi, si la mashine!

Kitambo sijaandika, test zimebana kila kona. Ila leo lazima niseme, maana wiki hii pekee nimeusikia ushauri uleule pale maabara karibu mara nne: "Programu yako inagoma? Futa Python, weka mpya kabisa." Jamani, ushauri huo ndio unaotumaliza, na anayeutoa kila siku huwa anajiamini kweli kweli.

Tuchukue mfano wa hapa hapa, sisi wa mwaka wa tatu. Muhula huu tuna kazi mbili. Ya kwanza ni tovuti, na tumekubaliana kutumia Django 5. Hiyo haikubali Python iliyo chini ya 3.10. Kazi ya pili ni kuendeleza mradi wa kaka na dada zetu waliomaliza, ule wa kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Wao waliandika kwa TensorFlow 1.15, nayo haivuki Python 3.7. Haya, niambieni ninyi vipanga: Python gani moja itabeba kazi zote mbili? Haipo! Utafuta na kuweka mpaka adhana ya alfajiri. Ukiuponya huu, umeuua ule.

Na msidhani ni balaa la muhula huu tu. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, lakini Python 2 iliendelea kuhudumiwa mpaka Januari 1, 2020. Miaka kumi na moja lugha mbili zenye jina moja zinaishi nyumba moja! Kwenye ya zamani ukigawanya 3 kwa 2 unapata 1, kwenye mpya unapata 1.5. Kosa kama hilo halikupigii kelele, linakupa jibu baya kimya kimya na wewe unalipeleka kwenye ripoti. Halafu 2021 ikaja 3.10, maktaba kibao za zamani zikagoma kwa sababu baadhi ya majina waliyozoea kuyaita yalihamishwa. 2023 ikaja 3.12, nayo ikaondoa distutils. Kwa hiyo desa la mwaka juzi linaweza lisikubali leo hata kama aliyeliandika alikuwa mkali kuliko sisi wote.

Kuna wengine ndio kabisa. Tangu Debian 12 ya 2023, pip inakataa kumwaga vifurushi kwenye Python ya mfumo wenyewe, na Ubuntu za siku hizi ni hivyo hivyo. Mtu anasoma onyo, anaingia intaneti, anakopi kipande cha amri kinachoitwa --break-system-packages, anabonyeza Enter huku anatabasamu. Ndugu yangu, jina lenyewe linakwambia unavunja! Python ile si yako, ni ya mfumo, kuna programu za mashine zinaitegemea. Kesho mashine ikianza vituko unasema ni virusi.

Dawa ni rahisi: kila mradi na chungu chake. Matoleo mengi ya Python yanaweza kukaa mashine moja bila kugombana. Kwenye Windows andika py -0 uone uliyonayo, halafu py -3.12 -m venv mazingira ndani ya folda ya mradi. Kwenye Linux kuna pyenv ya kukuletea matoleo mengine. Ila muelewe kitu kimoja ambacho wengi wanakichanganya: venv haikuletei Python mpya, inachukua ileile iliyoiunda. Ukiiunda kwa 3.12, TensorFlow 1.15 haitaingia hata uilazimishe vipi. Na pip freeze inaorodhesha vifurushi tu, toleo la Python haikuandikii. Liandike mwenyewe kwenye faili la maelezo, mstari mmoja tu.

Najua mtakachosema. "Bando!" Sawa, bumu halijatoka na wote tunalijua hilo. Lakini pip hutunza ilivyokwisha kupakua, kwa hiyo mradi wa pili wenye vifurushi vilevile kwa kawaida haupakui upya. Na mmoja wetu akipakua kwa pip download, kundi zima lenye mashine na toleo la aina moja linachukua kwa flashi. Anayefuta kila kitu kila wiki ndiye anayekula bando.

"Tutumie mapya tu, tuachane na ya kale." Hapo nakubali nusu. Python 3.7 iliacha kurekebishwa Juni 2023, usiiweke kwenye seva inayoonekana na dunia nzima. Lakini kuhamisha mradi wa watu kwenda toleo jipya ni kazi kamili, haifanyiki usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kwanza ufanye ukimbie ulivyo, ndipo uuhamishe.

Sasa kwa walimu wetu, kwa heshima zote. Karatasi ya kazi inataja aina ya fonti, inataja nafasi kati ya mistari, lakini toleo la kutumia haitaji. Siku ya kusahihisha mashine ya maabara ina toleo moja, programu inagoma, mwanafunzi anakula sifuri kwenye kipengele cha "inafanya kazi". Mtu anaweza kupata sapu kwa namba moja baada ya nukta! Andikeni toleo kwenye karatasi, na mtoe hata alama mbili kwa kundi ambalo mradi wake mtu mwingine anaweza kuuwasha bila kumpigia simu mwenyewe.

Na sisi tuache kujitetea kwa "mbona kwangu inafanya kazi". Kwako haisahihishwi.

Nawasilisha.