Studio Inayong'aa Haiandiki Habari

Mwandishi mmoja wa safu amewashauri wahitimu wa kidato cha sita: anayetaka shahada ya uandishi wa habari achague chuo chenye studio ya kisasa na watangazaji maarufu waliopitia hapo, mengine atajifunza kazini.

Kamera ghali inayotoka kabatini siku ya wageni tu haijamfundisha mtu kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV na redio yake; Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza nacho kina redio. Vizuri. Lakini nenda uulize: mwanafunzi anaingia hewani, au anaishia kupiga picha mlangoni?

Ama hoja ya watangazaji maarufu, hicho ni kituko. Sauti tamu na ulimi mwepesi huenda mtu alizaliwa navyo. Chuo hakitundiki ukutani picha za wale walioishia kuuza vocha. Na sifa za aliyehitimu miaka 20 iliyopita ni za mhadhiri ambaye pengine alishastaafu. Muulize anayefundisha leo: lini mara ya mwisho alipitia taarifa ya mwanafunzi mstari kwa mstari, akamrudisha mahakamani kutafuta jina sahihi la mshtakiwa?

Eti mengine kazini! Mhariri anayekimbizana na saa hana muda wa kumfundisha mtoto wa watu kashfa ni nini. Atajifunza siku barua ya wakili itakapofika.

Wala mwandishi huyo wa safu hakugusia kufungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kuhakikisha shahada yenyewe inatambuliwa.