Lugha ya kwanza ya chekechea Kisangani

Kwa Mhariri,

Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa zitumike kufundishia, lakini mjini Kisangani, ambako Kiswahili na Kilingala husikika katika soko moja, mtoto wa miaka minne mara nyingi hukabidhiwa alfabeti ya Kifaransa kabla hajaweza kutenganisha sauti za maneno anayoyatamka nyumbani. Utambuzi huo wa sauti, yaani uwezo wa kusikia kwamba neno "bata" lina silabi mbili, ba na ta, ndio msingi wa kusoma, na Kiswahili huurahisisha kwa kuwa irabu zake tano huandikwa jinsi zinavyotamkwa, ilhali "eau" ya Kifaransa ni herufi tatu zenye sauti moja tu ya o. Kuandika nako huanzia vidoleni: kuchora mchangani na kufinyanga udongo humfaa mtoto kuliko kunakili kurasa nzima, zoezi linalowafurahisha wazazi zaidi ya watoto wenyewe. Kifaransa hakipotei, kingojee zamu yake. Wakuu wa elimu wa jimbo letu la Tshopo wawapatie walimu vitabu vya picha vya Kiswahili na Kilingala kabla ya mwaka ujao wa shule.

Msomaji,
Kisangani